Mashine inafua lakini haikamui? Usikimbilie kununua mota

Goma. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi, saa kumi jioni, mama mdogo wangu aliponipigia simu na kusema maneno manne tu: "Mashine imekataa, njoo haraka."

Nilimkuta amesimama mbele ya mashine yake ya kufulia nguo, mikono kiunoni. Nyuma ya kioo cha mlango kulikuwa na mashati meupe na sketi za buluu zimezama katika maji ya kijivu. Zilikuwa sare za shule za watoto wa majirani. Za watoto tisa zilikuwa ndani ya mashine, na za wengine 14 zilikuwa katika mabeseni zikisubiri zamu. Zote zilitakiwa ziwe zimekauka na kupigwa pasi kabla ya Jumatatu asubuhi. Nje mvua ilikuwa inanyesha.

Mashine ilikuwa imefua kama kawaida. Ilipofika wakati wa kukamua, ilinguruma kidogo, ikatulia, ikanguruma tena, ikanyamaza. Taa zake zilibaki zinawaka.

Fundi mmoja alikuwa ameshapita mchana. Aliitazama bila kuifungua, akasema mota imekufa, na kwamba mota nyingine pamoja na kazi yake ni dola 70. Mashine yenyewe mama mdogo aliinunua ikiwa imeshatumika, kwa dola 130. Pesa pekee aliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa ada ya sekondari ya kitinda mimba wake. Alikuwa ameshaitoa sandukuni na kuihesabu.

Ada hiyo haikutumika. Mota ilikuwa nzima, na jambo hilo lingeweza kujulikana kwa dakika tano bila bisibisi. Ninaandika tulivyolijua, hatua kwa hatua, kwa sababu watu wengi wanaofua kwa mashine katika mji huu hufika mahali hapo hapo: nguo zimelowa, umeme upo, fundi anataja bei.

Kukamua ndiko kunakolipa

Mama mdogo alizaliwa Ntoto, kule Masisi na Walikale zinakopakana. Alikokulia hakukuwa na waya wa umeme. Walifua mtoni, na blanketi lilikamuliwa na watu wawili: mmoja anashika ncha hii, mwingine ile, kila mmoja anasokota upande wake mpaka maji yaishe. Alipofika Goma, baada ya kupita Masisi na Sake na mizigo kichwani, kazi aliyoijua ya kumpatia chakula ilikuwa hiyo hiyo ya kufua nguo za watu.

Kwa miaka kadhaa alifua kwa mikono. Anasema kufua hakukumshinda. Kilichomshinda ni kukauka. Kuanzia mwezi wa tisa hadi wa kumi na mbili mvua ya Goma haina ratiba, na nguo iliyokamuliwa kwa mkono inaweza kukaa kambani siku mbili ikaanza kunuka. Mteja akija kuchukua sare Jumapili jioni na kuikuta bado mbichi, wiki inayofuata anaipeleka kwa mwingine. Alinunua mashine kwa ajili ya dakika kumi za mwisho, zile za kukamua.

Ukijua nguvu iliyomo katika dakika hizo, utaelewa kwa nini mashine huwa na masharti mengi kabla ya kuzianza. Wakati wa kufua, pipa la mashine ya mlango wa mbele huzunguka polepole, kama mara 50 kwa dakika. Wakati wa kukamua hufika mara 800, 1,000 au 1,200 kwa dakika. Chukua pipa lenye upana wa sentimita 48. Likizunguka mara 1,000 kwa dakika, nguo iliyobanwa kwenye ukuta wake inasukumwa nje kwa nguvu inayozidi uzito wake zaidi ya mara 260. Ndiyo maana maji yanachomoka kupitia matundu. Lakini ndiyo maana pia kilo moja ya nguo iliyojikusanya upande mmoja huvuta pipa kama mzigo wa kilo 260. Mashine isiyojali ingejivunja yenyewe.

Kwa hiyo mashine za kisasa zimetengenezwa zikatae. Kabla ya kukamua hujiuliza: maji yametoka? Mlango umefungwa? Mzigo umelingana? Jibu likiwa hapana kwa swali moja tu, haikamui. Anayesimama nje huona mashine iliyokufa. Kumbe mashine iko hai, imegoma tu.

Swali la kwanza: pipa lilizunguka wakati wa kufua?

Jirani yetu mmoja, mzee aliyefanya kazi ya ufundi wa umeme maisha yake yote, alikubali kuja na mwavuli wake. Mama mdogo alianza kumweleza habari ya mota. Mzee akamkatiza kwa upole: "Mama, ngoja kwanza. Asubuhi ilifua?"

"Ndiyo, papa. Ilifua vizuri."

"Pipa lilikuwa linazunguka?"

"Lilizunguka, huku na huku."

"Basi mota haijafa. Ni hiyo hiyo moja inayofua na kukamua."

Hili ndilo jambo la kwanza la kukumbuka. Katika mashine ya mlango wa mbele kuna mota moja kwa kazi zote mbili. Ikiwa pipa linazunguka wakati wa kufua, mota inapata umeme na inaweza kusukuma. Inaweza kuwa imechoka, na tutafika huko, lakini haijafa. Mtu akikuambia ununue mota bila kukuuliza swali hilo, muombe asubiri.

Ikiwa pipa halizunguki kabisa, hata wakati wa kufua, chomoa umeme na ulizungushe kwa mkono. Likigoma, kuna kitu kimekwama kati ya pipa na tangi lake, au beringi zimeshika kutu. Likizunguka jepesi mno, bila kuhisi uzito wowote wa mota nyuma yake, huenda mkanda umekatika au umeruka.

Maji yametoka?

Mzee aliinama akatazama kioo. Maji yalikuwa yamefika nusu. Akasema hapo ndipo pa kuanzia, maana mashine haiwezi kukamua nguo zinazoogelea.

Katika mashine ya mlango wa mbele, pampu ndogo huvuta maji chini ya tangi na kuyasukuma nje kwa mpira wa nyuma. Mbele yake kuna kichujio, kwa kawaida pembeni chini, nyuma ya kifuniko kidogo ambacho wenye mashine wengi hawajawahi kukifungua. Hatua zake ni hizi:

1. Zima mashine na uchomoe waya ukutani. Kama ulifua kwa maji ya moto, subiri yapoe.

2. Weka chombo kifupi au kitambaa kikubwa mbele ya kifuniko. Mashine nyingine zina mpira mwembamba wa dharura hapo hapo. Uvute na umwage maji kidogo kidogo.

3. Zungusha kichujio polepole kukifungua. Maji yakianza kutoka kwa nguvu, kaza tena, mwaga chombo, kisha endelea.

4. Toa uchafu wote. Angalia ndani kwa tochi ya simu: utaona kipanga kidogo cha plastiki, ndicho moyo wa pampu. Kisukume kwa kijiti. Kinatakiwa kizunguke kwa kurukaruka kidogo, lakini kisikwame.

5. Rudisha kichujio na ukikaze vizuri kabla ya kuwasha, la sivyo sakafu yote italowa.

Katika kichujio cha mama mdogo tulikuta vifungo viwili vya shati, kibanio cha nywele, soksi moja ya mtoto mchanga na noti ya faranga 500 iliyosokotwa kama sigara. Chini ya vyote hivyo kulikuwa na tope zito jeusi. Mzee alilisugua kati ya vidole akasema ni mchanga wa lava. Mji huu umejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo. Volkano hiyo ilimwaga moto mjini mwaka 2002, na mwaka 2021 lava ikashuka tena hadi kwenye vitongoji vya kaskazini. Watoto wanacheza juu ya mchanga huo, unaingia mifukoni na kwenye pindo za suruali, halafu unakuja kulala ndani ya pampu. Anayefua Goma anatakiwa afungue kichujio mara kwa mara kuliko kitabu cha mashine kinavyosema. Mama mdogo sasa anakifungua kila Jumatatu. Nguo zote anazikung'uta nje na kupekua mifuko kabla hazijaingia ndani.

Kichujio kikiwa safi na maji bado yamebaki, fuata mpira wa kutolea maji kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Je, umekunjwa na mashine iliyosukumwa ukutani? Je, ncha yake imezama katika matope ya shimo? Pampu ya mashine ya nyumbani ni ndogo: kwa mashine nyingi ncha ya mpira inatakiwa iwe kati ya sentimita 60 na mita 1 juu ya sakafu. Ukiupandisha juu sana, pampu inashindwa kuinua maji. Ukiulaza chini kabisa, maji yanaweza kujivuta na kutoka wakati wote, na mashine haijai kamwe.

Tuliwasha tena. Pampu ilinguruma, maji ya kijivu yakatoka nje kwa kasi, na watoto wakashangilia.

Mzigo umekaaje?

Lakini mashine haikukamua. Ilizungusha nguo mara tatu nne taratibu, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kujitwisha, kisha ikasimama.

Kumbe ndiyo hasa ilikuwa inafanya. Baada ya maji kutoka, mashine huzungusha pipa polepole ili nguo zitawanyike. Zikikataa kutawanyika, inajaribu tena na tena, mwishowe inaacha na nguo zinabaki zimelowa. Mizigo ya aina tatu ndiyo inayosumbua zaidi. Ya kwanza ni kitu kimoja kizito peke yake, kama blanketi au jinzi moja: hakina mwenzake wa kukilinganisha upande wa pili. Ya pili ni shuka au kitenge kirefu kilichojisokota na kumeza nguo nyingine ndani yake. Ya tatu ni pipa lililoshindiliwa hadi nguo hazina pa kusogea.

Tiba yake haigharimu chochote. Fungua mlango, fungua mafundo, tawanya nguo kwa mkono. Kama kuna kitu kimoja kizito, kiongezee taulo mbili. Kama pipa limejaa, toa theluthi moja. Kisha chagua kukamua peke yake, bila kurudia kufua. Angalia pia kama miguu yote minne ya mashine imekaa sawa sakafuni. Nyumba nyingi za Goma ni za mbao zilizosimama juu ya mawe, na sakafu hucheza. Mashine inayoyumba huhesabu kwamba mzigo umeegemea, hata kama umelingana.

Aliyenunua mashine mpya au iliyotoka safarini atazame nyuma yake. Watengenezaji hufunga pipa kwa bolti tatu au nne ili lisigonge njiani. Zisipotolewa, mashine itatetemeka vibaya na inaweza kuvunjika. Zikitolewa, zitunze. Siku ya kuhama utazihitaji.

Mlango na povu

Sharti lingine ni mlango. Mashine ikianza kazi utasikia mlio mdogo wa kufuli lake. Usiposikia mlio huo, au taa ya mlango ikiwa inawakawaka, haitakamua, na ni vizuri isikamue. Angalia kama kipande cha nguo kimebanwa mlangoni au ulimi wa plastiki umevunjika. Usijaribu kamwe kulidanganya kufuli kwa waya au kijiti. Lipo kwa ajili ya mikono ya watoto.

Povu nalo huzuia. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono imetengenezwa itoe povu jingi, kwa sababu tunaofua kwa mkono tunaamini bila povu hakuna usafi. Ndani ya mashine, povu hulifunga pipa kama mto, na pampu inayovuta povu haivuti maji. Ukiona povu limejaa kioo, zima, suuza kwa maji safi mara moja au mbili, ndipo ukamue. Mara nyingine tia nusu ya kipimo ulichozoea.

Umeme una nguvu gani saa hiyo?

Sare za mama mdogo zilikuwa zimetawanyika vizuri, mlango umefungwa, povu hakuna. Tukawasha. Pipa likaanza kuongeza kasi, taa ya chumbani ikafifia, taa za mashine zikazimika sekunde moja, zikawaka upya. Programu ilikuwa imerudi mwanzo.

Mzee akatoa mita yake kwenye mfuko wa koti, akapima tundu la ukutani. Ilisoma volti 168. Umeme wa nchi hii unatakiwa uwe volti 220.

Goma ina bahati kuliko sehemu nyingi za Kongo. Inapata umeme wa kampuni ya taifa, SNEL, kutoka mabwawa ya mto Ruzizi upande wa Bukavu. Inapata umeme wa Virunga Energies, ambayo bwawa lake la Matebe huko Rutshuru lilizinduliwa Desemba 2015. Tangu 2020 kuna pia umeme wa jua wa Nuru. Lakini kabla ya kumlaumu yeyote, mzee alitoka nje kufuata waya wetu. Ulitoka kwenye mita ya nyumba ya nne, ukapita juu ya mabati na kwenye mti wa parachichi, ukagawiwa nyumba sita. Ulikuwa mwembamba kuliko penseli, na viungo vyake vilifungwa kwa plastiki ya mfuko.

Hesabu yake ni rahisi. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, wenye urefu wa mita 50, ukibebeshwa ampea 20, hupoteza volti zaidi ya 20 njiani, bado hujahesabu viungo vibovu. Ampea 20 ni nyingi mno kwa waya huo. Unapata joto, na kwa nyumba za mbao joto hilo linaweza kuwa moto. Nazo ampea 20 hufika upesi: pasi moja na jiko moja la umeme vinatosha.

Kwa mota nyingi za kawaida, hasa za mashine za matangi mawili, nguvu ya kuzungusha hushuka haraka kuliko volti. Umeme ukishuka kutoka 220 hadi 160, mota inabaki na kama nusu tu ya nguvu yake. Inatosha kusukasuka nguo ndani ya maji, haitoshi kuzipeleka mbio. Mota inabaki inanguruma mahali pamoja na kupata joto, na hapo ndipo inapoweza kufa kweli. Kwa mashine zenye bodi ya kompyuta, umeme ukishuka bodi hujizima na kuanza upya.

Kwa hiyo, kama mashine yako inafua asubuhi na kugoma jioni, usitafute ugonjwa ndani yake. Jaribu kukamua usiku au alfajiri, majirani wakiwa wamezima pasi. Fua kwa maji baridi, maana kipasha joto peke yake hula kama wati 2,000. Stabilaiza nzuri inasaidia pale volti zinaposhuka kiasi, lakini haiwezi kuongeza kisichoweza kupita kwenye waya mwembamba.

Hapo ndipo aitwe fundi

Ikiwa maji yametoka, mzigo umelingana, mlango umefungwa, volti zinatosha na bado haikamui, sasa ni kazi ya kufungua. Hata hapo, vitu vya bei ndogo hutangulia mota.

Mkanda wa nyuma ukilegea, hulivuta pipa polepole wakati wa kufua lakini huteleza kasi ikipanda. Dalili zake ni harufu ya mpira ulioungua na unga mweusi chini ya mashine.

Kaboni za mota, vile vijiwe viwili vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, huisha kama penseli. Zikibaki fupi, mota hufua kwa kusitasita na hukosa nguvu ya kukamua. Kubadilisha kaboni si kubadilisha mota, na bei zake hazikaribiani hata kidogo.

Kuna pia kimpira chembamba kinachoiambia mashine kiasi cha maji kilichomo. Kikizibwa na utelezi wa sabuni, mashine huamini maji bado yapo hata kama tangi ni kavu, nayo inaendelea kungoja.

Beringi hujitangaza zenyewe. Mashine inayokamua kwa kishindo kama ndege inayopaa, na pipa linalocheza ukilishika kwa mkono, imechoka beringi. Hiyo ni kazi kubwa, na kwa mashine ya zamani inabidi upige hesabu kama inalipa.

Mwambie fundi akuonyeshe kipande kibovu kabla hujalipia kipya. Fundi mzuri hatachukia.

Kwa mwenye mashine ya matangi mawili

Wengi wana zile za plastiki zenye tangi la kufulia upande mmoja na la kukamulia upande wa pili. Hizo zina mota mbili, kwa hiyo swali la kwanza la mzee halizihusu: tangi la kufulia linaweza kufanya kazi huku mota ya kukamua ikiwa na tatizo.

Anza na kifuniko. Ukikifunua, breki hushika na umeme hukatwa. Kisipofunga sawasawa, mota haipati umeme. Waya wa breki ukikwama, mota hunguruma lakini tangi limeshikwa. Kisha angalia kama soksi imetumbukia chini ya tangi na kujizungusha kwenye mhimili. Bonyeza nguo kwa kile kifuniko chembamba cha ndani ili zikae sawa. Mwisho kabisa ni kapasita, kile kikopo kinachoisaidia mota kuanza. Mota ikinguruma bila kuzunguka, na ukilisukuma tangi kidogo linaanza, mara nyingi kapasita ndiyo imechoka. Huo ni mtihani wa fundi. Wewe usisukume tangi lenye umeme. Hata waya ukichomolewa, kapasita inaweza kubaki na umeme wa kukupiga.

Usiingize mkono katika tangi ambalo bado linazunguka, hata polepole. Nguo moja ikikusokota kidole, huna nguvu ya kuishinda. Na mashine ikikupiga shoti kidogo ukiigusa na miguu yenye maji, usizoee. Maana yake waya wa ardhi haupo au haufanyi kazi, na juu ya mawe ya lava ni vigumu kuuchimbia vizuri. Simama juu ya ubao mkavu, chomoa, na umwite fundi kwa jambo hilo kabla ya jingine lolote.

Saa nne usiku

Tulikubaliana kusubiri. Mama mdogo hakuweza kukaa bure. Alichukua shati moja kutoka kwenye beseni, akanipa ncha ya upande wangu, akasokota ya kwake. Tulikamua sare tano hivyo, kama walivyofanya mtoni Ntoto, na alinicheka mikono yangu ilipoanza kutetemeka.

Saa nne usiku nilipita nyumba tano zilizobaki kuwaomba wazime pasi na majiko kwa nusu saa. Wote walikubali, mmoja wao kwa sababu sare za watoto wake zilikuwa kwetu. Mzee akapima tena: volti 211. Mama mdogo akabonyeza kitufe.

Pipa likazunguka polepole, likapima mzigo, likaongeza kasi. Mara nguo zikatoweka kwenye kioo, ukabaki mduara mweupe tu ukutani mwa pipa. Sakafu ya mbao ilitetemeka. Hakuna aliyesema neno mpaka iliposimama. Shati la kwanza alilolitoa halikudondosha hata tone.

Tulikamua mafungu matatu kabla ya saa sita. Jumapili zilikaa kambani chini ya paa, na jioni zikapigwa pasi. Watoto 23 walikwenda shule Jumatatu.

Ada ilirudi sandukuni. Wiki mbili baadaye nyumba zote sita zilichangishana, zikanunua waya mnene na viungo vya kukaza kwa skrubu, na mzee akaufunga. Noti ya faranga 500 iliyotoka kwenye kichujio, mama mdogo aliikausha na kuibandika ukutani juu ya mashine. Mteja mpya akiuliza ni ya nini, anamwomba kwanza apekue mifuko ya nguo alizoleta.